Kabla ya Tofali la Kwanza, Andikeni Nyumba Itauzwa kwa Nani

Miaka tisa nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba, kilichotujengea nyumba hapa Walukuba, Jinja, Uganda. Wengi wetu ni wajukuu wa watu waliofuata kazi za viwandani enzi za bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Msamia, Mlugbara, Mjaluo na Msoga tukikaa mkutanoni, Kiswahili ndicho kinachotutosha kugombania hesabu.

Siku hizi vikundi vingine vinanijia: mama, tunataka kujenga, tofali tupate wapi? Tofali ni jambo dogo. Tulikodi mashine ya kushindilia udongo na saruji, tukafyatua wenyewe bila kuchoma kuni hata kidogo. Pimeni udongo kwanza, maana ukizidi mfinyanzi tofali hupasuka, kisha ziwekeni kivulini mzimwagilie maji. Basi.

Ardhi ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kiwanja cha mjini mara nyingi hutolewa kwa lizi, yaani ukodishaji wa ardhi, ya awali ya miaka mitano, na sharti la kujenga. Ukishajenga ndipo huongezwa, mara nyingi hadi miaka 49. Kwa mtu wa mshahara, sawa. Kwa mama anayeuza mukene, dagaa wa ziwani, pale Masese, miaka mitano ni kufumba na kufumbua. Mwaka wa nne sisi tulikuwa na misingi na majani. Ikabidi tukubali chumba kimoja kwa kila mtu, ukuta wa nyuma ukiachwa tayari kwa kuongezea. Pigeni hesabu ya akiba yenu kwa miaka minne, mjenge kinachotosha humo. Na hati iandikwe jina la ushirika, lisiwe la mwenyekiti, hata awe mcha Mungu namna gani.

Sasa niseme lililotuuma. Mwaka wa pili baada ya kuhamia, mwenzetu mmoja aliuza. Mtoto alilazwa, deni likapanda, na mnunuzi kutoka Kampala akaja na fedha mara tatu ya alichokuwa amelipa. Nani angemlaumu? Lakini ile nafuu tuliyopewa na shirika lililotusaidia, iliyofanya nyumba ishuke bei, ikaondoka naye mlangoni. Mnunuzi alibomoa, akajenga vyumba vitatu vya kupangisha, kwa kodi ambayo hakuna hata mmoja wetu angeimudu.

Tuliketi tukaandika: anayeuza aanze na kikundi, kikundi kina siku 90, na bei ni alicholipa, thamani ya alichoongeza, na nyongeza kidogo ya miaka aliyokaa. Mzee mmoja alikasirika, akasema tunamfunga kamba nyumbani kwake. Hoja yake nzito, bado sijaimaliza moyoni; ndiyo maana hiyo nyongeza ya miaka ipo. Kuhusu mwenzi wa ndoa hatukubuni kitu: sheria ya ardhi tayari inataka idhini yake kabla nyumba ya familia haijauzwa. Someni kifungu hicho kwa sauti mkutanoni, waume wasikie.

Ila karatasi bila fedha hainunui nyumba. Siku 90 zitapita mkiwa mnachangishana. Kwa hiyo kila nyumba inaweka shilingi 10,000 kwa mwezi kwenye mfuko, na nilisisitiza mfuko huo ukopeshe kwanza mgonjwa na karo. Wengine waliona nachanganya mambo, ujenzi na hospitali wapi na wapi? Nikawauliza, mwenzetu yule aliuza kwa sababu ya nini?

Mwezi uliopita tulilipa upasuaji wa mwenye nyumba namba saba. Anarudisha kidogo kidogo, na yumo ndani bado. Paa lake linavuja. Hilo lipo kwenye ajenda ya Jumapili.