Niliyemripoti Bado Anacheza

SWALI: Kila toleo jipya la mchezo wa risasi ninaoucheza kwenye simu hutangazwa kuwa limewakomesha wadanganyifu. Wiki iliyopita niliuawa na mchezaji ambaye, nilipotazama marudio, alikuwa akinifuata kwa mtutu wake kupitia ukuta, hatua kwa hatua, kabla sijatokeza. Nilimripoti, na siku 3 baadaye nikamkuta bado anacheza. Je, ripoti zetu husomwa kweli?

JIBU: Kuchelewa huko mara nyingi ni kwa makusudi. Mtengenezaji wa programu ya udanganyifu akifungiwa akaunti dakika ileile anapoijaribu, hutambua papo hapo ni kipi kilichomfichua, na kabla ya jioni huwa amekwisha kukibadilisha. Ndiyo maana kampuni nyingi hukusanya ushahidi kimyakimya, kisha hufungia akaunti kwa mkupuo. Kwa aliyekwisha kupigwa risasi, nakubali, hiyo si faraja.

Ukuta uliouona ndio penye ugumu wenyewe. Ili simu iweze kumchora adui na kutoa sauti ya nyayo zake, seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mchezo, huipelekea habari za mahali alipo hata akiwa amejificha. Mchezo haukuonyeshi, lakini programu inayochungulia kumbukumbu ya simu huona kila kitu. Toleo jipya linapohamisha habari hizo, programu ya zamani hupofuka mpaka mtengenezaji wake azitafute upya, kwa hiyo utulivu wa siku chache baada ya sasisho ni wa kweli, ila haudumu. Kinga iliyo imara zaidi ni seva kutotuma kabisa habari za adui usiyeweza kumwona wala kumsikia, ingawa kazi hiyo huielemea seva, na ikikosea kidogo adui huzuka konani kama aliyeota ardhini. Anayekimbia kupita kiasi hunaswa kwa urahisi, kwani seva hulinganisha umbali na muda tu.

Ripoti moja haimtii mtu hatiani, na ni haki iwe hivyo, maana wapo wanaomripoti kila aliyewashinda. Marudio nayo hupotoka kidogo mtandao unaposuasua. Yatazame tena: ikiwa ulikuwa unakimbia, mwenye vipokea sauti vizuri masikioni angeweza kukufuata kwa nyayo zako tu, ikiwa ulikuwa umelala kimya na mtutu ukatua juu yako, mripoti tena.