Maswali ya wasomaji: Kidonge cha vitamini kinakinga nini hasa?

Wiki hii karibu kila aliyeniandikia ana chupa ya vidonge mkononi. Tuyamalize kwa mkupuo.

Shikamoo. Juzi nimeanza vitamini mchanganyiko na mkojo umekuwa wa njano ya kung'aa kama wino. Nimeharibu figo?

Marahaba mwanangu. Hiyo ni riboflavini, yaani vitamini B2, ambayo yenyewe ni ya njano tangu asili. Mwili ukishachukua kiasi unachohitaji, kinachobaki hutolewa na figo, na sehemu ya hela yako nayo inaishia chooni. Ukiona mkojo mwekundu, wa kahawia au wenye povu lisiloisha, hapo nenda kapime.

Usije ukadhani basi kuzidisha hakuna madhara. Vitamini C na za kundi B huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ziada nyingi hutoka. Hata hivyo, B6 ikimezwa kwa dozi kubwa muda mrefu huumiza neva, mtu akaanza kufa ganzi miguuni bila kujua kwa nini. A na D huyeyuka kwenye mafuta, hujilimbikiza mwilini, na zikipita kiasi ni sumu.

Mjomba anavuta pakiti nzima kwa siku, lakini anameza beta-karotini akisema inamlindia mapafu. Tumwambieje?

Kidonge akiache leo. Sigara aiache kwa msaada wa mhudumu wa afya, kwa sababu hiyo ndiyo ngumu.

Mjomba hakulitoa wazo lake hewani. Watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi walionekana kupata saratani ya mapafu kwa uchache, wataalamu wakashuku kwamba siri ni beta-karotini, ile inayoipa karoti rangi yake. Wakaijaribu Ufini kwa wanaume wavutaji zaidi ya 29,000. Matokeo yalipotoka mwaka 1994 watu walishika tama: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Huko Marekani utafiti kama huo ulisimamishwa kabla ya muda wake mwaka 1996, kwa sababu hiyo hiyo. Vitamini E nayo ilijaribiwa kuzuia saratani ya tezi dume. Mwaka 2011 ikabainika kwamba waliomeza dozi kubwa waliipata kwa asilimia 17 zaidi.

Karoti ya kwenye sahani haina kesi. Tatizo ni kung'oa kitu kimoja kutoka kwenye chakula na kukimeza kwa kiasi ambacho hakuna sahani ingekupa. Na mjomba akiacha sigara, ndani ya mwaka mmoja ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na uvutaji hushuka karibu nusu. Sijaona chupa yenye uwezo huo.

Vitamini C inazuia mafua?

Kwa watu wa kawaida, hapana. Anayeimeza kila siku hupona mapema kidogo tu, kwa watu wazima ni kama asilimia 8 ya siku za kuugua. Kuikimbilia pua ikishaanza kutiririka hakujaonyesha faida ya kueleweka. Wanaonufaika kweli ni wakimbiaji wa marathoni na askari walio kwenye mazoezi makali ya baridi.

Nimeambiwa sukari yangu iko mpakani, na marehemu baba alikuwa na kisukari. Kuna vidonge vya madini ya kromiamu, ninunue?

Pole kwa kufiwa. Ushahidi wa kromiamu ni hafifu. Hela hiyo nunulia viatu vya kutembelea.

Sitanii. Mwaka 2002 Marekani walitoa matokeo ya watu 3,234 wenye hali kama yako. Kundi moja lilipewa metfomini, ile dawa ya kisukari, jingine likafundishwa kula vizuri, kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa, metfomini ilipunguza kisukari kipya kwa asilimia 31, na mabadiliko ya maisha kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 80, asilimia 7 haifiki kilo 6. Dakika 150 ni nusu saa, siku 5. Mwendo wenyewe uwe wa kukuruhusu kuongea lakini usiweze kuimba. Ukiimba ubeti mzima bila kukata pumzi, ongeza hatua.

Kama daktari ameshakuandikia metfomini, usiiache kwa sababu yangu. Muulize tu kuhusu kupima vitamini B12, maana dawa hiyo ikitumika miaka mingi huweza kuishusha.

Tunapanga mtoto mwakani. Asidi ya foliki nianze nikishapata mimba?

Hapana dada, utakuwa umechelewa. Mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wengi hata hawajajijua. Anza angalau mwezi mmoja kabla, mikrogramu 400 kila siku, uendelee hadi wiki ya 12. Kama uliwahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, dozi yako ni kubwa zaidi na lazima aipange daktari. Hiki ni kidonge ninachokipigia debe bila aibu. Ila usitafute foliki kwa kurundika vitamini mchanganyiko, maana vitamini A nyingi huweza kumlemaza mtoto tumboni.

Mama anameza dawa ya tezi ya shingo, nami nimemletea kalsiamu na madini ya chuma. Anaweza kuzimeza zote asubuhi?

Azitenganishe. Kalsiamu na chuma hushikana na dawa ya tezi tumboni, na sehemu yake haifyonzwi. Dawa ya tezi aimeze akiwa na njaa, hizo nyingine zisubiri angalau saa 4. Chuma nacho kisiteremshwe kwa chai. Juisi ya chungwa inakisaidia zaidi. Lakini je, alipimwa damu kabla hujamnunulia?

Na kama kuna wajukuu humo ndani, chupa ya chuma ifungiwe kabatini. Vidonge vyake wakati mwingine hufanana na peremende, na vichache tu vinatosha kumuua mtoto mdogo.