Kiti cha tezi kitupu

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 29, ni fundi cherehani Tandika. Tangu mwaka jana siku zangu zinaruka, mara miezi miwili, mara mitatu, na nimenenepa kutoka kilo 74 hadi 91. Kila asubuhi kichwa kinaniuma. Nikiinama kuokota pini macho yanaingia giza sekunde chache, kisha yanarudi. Usiku nikilala sikio linapiga vuu, vuu, sambamba na moyo. Duka la dawa walisema ni presha. Nikapima, 118 kwa 76. Picha ya MRI ya kichwa imeandikwa kiti cha tezi ya pituitari ni kitupu. Je, tezi yangu imeliwa? Shoga yangu ananiuzia vidonge vya kusawazisha homoni, nianze?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Vidonge vya shoga yako viache kwanza. Hedhi umeieleza vizuri, ila kilichonishtua mimi ni ile pini.

Tezi hiyo, inayoongoza homoni za mwili, haijaliwa. Ni ndogo kama punje ya njegere, na imekaa kwenye kishimo cha mfupa nyuma ya pua, ndicho hicho kiti. Presha ya maji yanayozunguka ubongo ikipanda, maji huingia kishimoni na kuibana hadi inakuwa bapa kama chapati. Kwenye picha panaonekana maji tu. Presha hii haisomeki kwa ile mashine ya mkononi, ndiyo maana 118 yako haikusema kitu. Wanaopatwa zaidi ni wanawake wa umri wa kuzaa walioongezeka uzito.

Wengi wenye picha hiyo homoni zao ziko sawa. Wachache prolaktini (homoni ya maziwa) hupanda, au kotisoli (homoni ya msongo) na homoni ya thairoidi hushuka. Kwa hiyo pima mimba kwanza, kisha hizo tatu. Damu ya kotisoli itolewe asubuhi, kama saa mbili. Uliza pia kuhusu mifuko ya mayai, maana uzito na hedhi kuruka vinaweza kutokea huko.

Lakini macho hayasubiri majibu ya maabara. Wiki hii daktari wa macho akutie matone ya kupanua mboni aone kama mshipa wa fahamu wa jicho umevimba. Ukiwa umevimba, utahitaji sindano ya mgongo ya kupima presha ya maji hayo ya ubongo. Najua mtaani wanasema inapoozesha. Inachomwa chini ya pale mshipa mkuu wa fahamu wa mgongo unapoishia. Kipimo kikizidi sentimita 25 za maji, presha ipo. Dawa ya kawaida ni asetazolamaidi: vidole vitakuchonyota na soda itakosa ladha, usishangae. Kupunguza kilo tano hadi tisa kunasaidia kweli. Na kama unameza doksisaiklini ya chunusi au vidonge vya vitamini A, mwambie daktari, vinaweza kupandisha presha hiyo.

Giza likikataa kurudi, au ukaona vitu viwiliviwili, usingoje kliniki ya Jumatatu. Nenda dharura usiku huohuo.