Barua ya mjomba ilikaa kwangu miezi saba

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: kiongozi wa kuchaguliwa akizidiwa na maradhi, ajiuzulu? Na akijiuzulu, kiti chake ateuliwe mtu wa kukikalia, kama ilivyokuwa kwa Seneta Johnny Isakson wa Georgia kule Marekani, au wananchi warudi kwenye sanduku la kura? Nilidhani jibu langu litakuwa mistari miwili: ajiuzulu, uchaguzi uitishwe, basi. Nimeshindwa kuishia hapo.

Ya Isakson yanajulikana. Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, Agosti 2019 akatangaza kwamba mwisho wa mwaka anaondoka, na akaondoka kweli. Gavana Brian Kemp akamteua Kelly Loeffler akae hadi wapiga kura waamue. Mwaka uliotangulia, Thad Cochran wa Mississippi, mzee wa miaka 80 aliyekuwa Seneti tangu 1978, naye aliachia kiti kwa sababu ya afya, gavana wa huko akamweka Cindy Hyde-Smith.

Kwetu Tanzania mbunge wa jimbo hateuliwi na mtu. Kiti kikiwa wazi unaitishwa uchaguzi mdogo, isipokuwa kama Bunge limebakiza miezi 12 au pungufu livunjwe. Hapo jimbo linasubiri uchaguzi mkuu. Wa viti maalumu ndio hujazwa kwa orodha ya chama. Siku zote nimeutetea utaratibu huu. Gavana ni nani hata anichagulie wa kunisemea?

Tena sisi wa Kusini uchaguzi mdogo tumeuona. Liwale mwaka 2018 mbunge alijiuzulu akiwa chama cha upinzani cha CUF, akahamia chama tawala, CCM, na Oktoba hiyohiyo akashinda kiti kilekile. Mzima wa afya kumbe barua ya kujiuzulu anaijua kuiandika. Mgonjwa wetu ndiye hufia kitini. Kwa hiyo swali linaloniuma mimi ni jingine: nani anamzuia mgonjwa asitoke?

Mjomba wangu alikuwa diwani wa kata yetu, huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Juni 2017, wakati watu wako mashambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho, alianguka na kiharusi akiwa kwenye kikao. Mkono wa kulia ukafa. Mdomo ukaenda upande. Mke wake na mama yangu, ambaye ni dada yake, wakawa wanamtandikia jamvi chini ya mwembe kila asubuhi, na watu wakaendelea kuja na shida zao kama zamani, wengine na barua za kusainiwa. Alikuwa akiwatazama tu na machozi yakimtoka upande mmoja.

Agosti, siku ya Ijumaa baada ya swala, aliniita. Kwetu ukoo unapita kwa mama, na mpwa kwa mjomba wake ni zaidi ya mtoto. Jambo zito huambiwa wewe. Akasema, "Chukua karatasi." Nikachana katikati ya daftari la mwanangu. Alichukua karibu saa nzima kunitajia mistari sita. Maneno mengine ilibidi niyarudie nimuulize, "Umesema 'nashindwa', mjomba?" naye anatikisa kichwa, anasema tena, hadi nilielewe. Alikuwa amesema "naomba radhi". Alipomaliza nikampaka wino kidole gumba cha kushoto, akakibonyeza mwenyewe, akakishikilia pale muda mrefu kama anayeogopa alama isitoke. Akaniambia, "Jumatatu ipeleke halmashauri."

Jumapili usiku mama alinijia. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, kaka yangu akiacha udiwani hamalizi mwaka. Kile kiti ndicho kinachomwamsha." Wazee wa ukoo nao walikuwa na lao: ilikuwa mara ya kwanza mtu wetu kufika pale, tukitoka haturudi. Mke wa mjomba aliwaza posho, maana dawa na nauli za kliniki vilitoka humo. Mimi nilikuwa na miaka 34 na sikumbishia hata mmoja. Barua nikaiweka sandukuni, chini ya kanzu.

Kila Ijumaa mjomba aliniuliza, "Wamejibu?" Nami nikamjibu, "Bado wanashughulikia." Msimu wa korosho ukaanza, minada ikapita, yeye anauliza. Mwezi Desemba aliacha kuuliza. Nadhani alikuwa amejua. Hakunigombeza, aliendelea kuniita nimgeuze pale jamvini. Alifariki Machi akiwa bado diwani, na mazikoni alisifiwa kwamba alitumikia hadi pumzi ya mwisho. Nilisimama pale nikasikiliza.

Miezi ile ndiyo ya kupanga bajeti. Tulikuwa tunaomba bomba la maji livutwe hadi vitongoji viwili ambako mama zetu hununua maji kwa ndoo, na aliyelijua jambo lile kwa undani, aliyelipigania kwenye baraza miaka miwili, alikuwa amelala chini ya mwembe. Halikuingia. Siwezi kuapa kwamba lingeingia angekuwepo mwingine. Lakini hakuwepo wa kulisema.

Kwa hiyo, Mhariri, nilipoanza kuandika nilikuwa napinga uteuzi. Sasa naona nahofia zaidi kiti kitupu ambacho kwenye orodha kinaonekana kina mtu. Loeffler aliteuliwa, lakini Januari 2021 watu wa Georgia walimchagua Raphael Warnock. Hyde-Smith naye alipelekwa kwa wapiga kura Novemba 2018 na wakambakisha. Neno la mwisho halikuchukuliwa na gavana. Kama sisi tungekuwa na mtu wa muda, pengine mama yangu asingeona kwamba kaka yake akitoka mlango unafungwa, na pengine barua ingefika. Nasema pengine. Mama alimpenda mno.

Basi nakubali ateuliwe mtu, kwa masharti. Akae miezi michache tu, uchaguzi uitishwe hata kama uchaguzi mkuu uko karibu. Asiruhusiwe kugombea kiti hicho, maana aliyekwisha kukikalia hushindana na wenzake akiwa mbele. Asiteuliwe na mkubwa mmoja peke yake. Na mgonjwa aendelee kutibiwa kwa fedha za umma baada ya kutoka, ili mke wake asihesabu posho.

Pia asiwe ndugu. Baada ya arobaini wazee walinifuata nichukue fomu, kwa kuwa mpwa ndiye wa kurithi nafasi ya mjomba. Sikuichukua. Sikuwaambia kwa nini, na mama hadi leo anadhani niliogopa gharama.