Mama ana tarehe ya daktari Nairobi na hali imechafuka: nilivyoamua mimi

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Mama yako yuko Arusha, ana tarehe ya daktari bingwa Nairobi, na tarehe yenyewe imeangukia wiki ambayo ubalozi mmoja umetoa tahadhari ya ugaidi, na huku vijana wa Kenya wametangaza maandamano. Kaka zako wamegoma, mama anasema yuko tayari, na wewe ndiye unayetakiwa kukata tiketi. Nitakujibu kirefu, maana hapo ulipo nilishapita.

Ilikuwa Mei 2014. Mama yangu alikuwa na uvimbe shingoni, daktari wa hapa akatuandikia barua, tukapewa tarehe Nairobi, Jumanne ya tarehe 20. Ijumaa tarehe 16 yakalipuka mabomu mawili soko la Gikomba, Nairobi, pale pale kwenye mitumba, watu wasiopungua kumi wakafa. Tarehe 4 ya mwezi ule ule mabasi mawili yalikuwa yamelipuliwa Thika Road. Kampuni za utalii za Uingereza zilikuwa zinawaondoa wageni wao Mombasa kwa ndege. Shambulio la magaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lilikuwa halijatimiza hata miezi minane.

Jumamosi tukakutana nyumbani kwa mama, Kijenge, hapa Arusha. Kaka yangu mkubwa akasema hakuna mtu kuvuka mpaka wa Namanga, mwenye kutaka kumuua mama amwambie yeye kwanza. Shangazi akasema siku ya kufa nyani miti yote huteleza, kama imeandikwa imeandikwa, mkateni mama tiketi. Mama akawa anachambua mchele, hasemi kitu. Nilikaa pale nikaona wote wawili wameshafunga mjadala. Kaka alikuwa anauogopa mji aliouona kwenye televisheni. Shangazi alitoa methali tunayoisema msibani, na msibani inafaa sana, lakini haikwambii mgonjwa alale mtaa gani.

Kilichonifungua akili ni jambo la hapa hapa kwetu. Sisi wa Arusha tulishapigwa mabomu. Mei 5, 2013 lilirushwa kanisani Olasiti, siku ya kuzindua parokia. Juni 15 mwaka huo huo likarushwa uwanja wa Soweto kwenye mkutano wa Chadema. Watu walikufa mara zote mbili. Ile Juni ndugu zetu wa Nairobi walipiga simu usiku kucha, wakiuliza kama mji mzima umefungwa na kama tunapata chakula. Mimi kesho yake nilikwenda dukani kama kawaida. Sikuwa jasiri. Nilijua tu kwamba Soweto ni Soweto, dukani kwangu ni kwingine, na mikutano ya hadhara nisiende kwa muda. Mtu aliye ndani ya mji ana ramani kichwani. Aliye mbali ana jina la mji tu, na jina likichafuka, kwake mji wote umechafuka.

Basi kazi yako wiki hii ni kuipata hiyo ramani. Ukipiga simu Nairobi ukauliza "hali ikoje huko?" utajibiwa "huku tuko sawa" hata kama jirani kapigwa risasi, kwa sababu ndivyo salamu inavyojibiwa. Binamu yangu anaishi South B, nilimuuliza tofauti. Leo umepita njia gani kwenda kazini? Kuna kitu ulikuwa unafanya mwezi uliopita na sasa umeacha? Akafikiri kidogo, akasema: "Matatu za Thika Road jioni nimeacha. Gikomba siendi, na Isili siendi mpaka operesheni iishe." Isili ndiyo Eastleigh, mtaa ambao polisi walikuwa wanaupekua wakisaka magaidi na wasio na hati. Hapo ndipo nilipoanza kupata kitu cha kupangia. Vitu vitatu vimeachwa na mwenyeji, na mama yangu hakuwa na haja na hata kimoja.

Ile tahadhari ya ubalozi nayo usiishie kwenye kichwa cha habari. Tahadhari hizo huandikwa mtaa kwa mtaa, wakati mwingine kwa kilomita. Ile ya Uingereza ya Mei 2014, iliyofanya watu waseme Kenya imefungwa, kwa upande wa pwani ilitaja kisiwa cha Mombasa na ukanda wa kilomita 5 kutoka baharini, kuanzia Mtwapa mpaka Tiwi. Diani haikuwamo, uwanja wa ndege wa Mombasa haukuwamo. Kwa Nairobi iliitaja Eastleigh kwa jina. Hiyo unayoisema wewe itafute nzima, uisome polepole, utie alama kila mtaa uliotajwa, kisha uangalie hospitali ya mama iko wapi. Na ukumbuke kwamba imeandikwa kwa ajili ya raia wa nchi ile, ambaye mara nyingi anakwenda kustarehe na anaweza kwenda mwakani. Mama yako hayuko kwenye hesabu yao.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo kwenye vikao vya familia huwa haliulizwi kabisa: msipokwenda, nini kinaharibika? Jumatatu asubuhi nilipiga hospitali, nikaambiwa nafasi inayofuata ni baada ya wiki tano. Nikampigia daktari wa Arusha nikamwomba aniambie ukweli: wiki tano kwa uvimbe huu ni nyingi? Akasema kama angekuwa mama yake asingesubiri. Nilipomrudishia kaka maneno hayo alinyamaza muda mrefu, na hakusema tena "hakuna kwenda". Akauliza mtalala wapi. Kwa hiyo mpigie daktari wenu leo. Akisema mwezi mmoja hauna madhara, sogezeni tarehe na msione haya kwa mtu yeyote. Akisema hauwezi kusubiri, basi woga uelekezeni kwenye kupanga safari.

Sisi tulibadilisha karibu kila kitu. Mwanzo tulitaka kulala gesti ya bei nafuu maeneo ya River Road. Tukaacha, tukachukua chumba karibu na hospitali kiasi cha mama kutembea kwa miguu, na tulilipa karibu mara tatu. Iliniuma, nilikuwa nimetenga hela ile kwa mzigo wa dukani, lakini iliondoa matatu, teksi za usiku na katikati ya mji kwa mpigo mmoja. Tuliondoka Arusha alfajiri hiyo Jumatatu baada ya simu zile... hapana, nisikudanganye, simu nilipiga asubuhi na tukapanda kosta ya saa nne, tukaingia Nairobi jua likiwa bado juu. Nilishamwambia dereva tushuke Mombasa Road, binamu akatupokea na gari, mjini hatukugusa. Mizigo ya dukani niliyokuwa nimepanga kuichukua Eastleigh niliifuta. Na tulikubaliana na kaka mambo mawili yatakayotufanya tugeuze bila kujadiliana: kukitokea kitu kingine usiku wa Jumatatu karibu na hospitali, au binamu akisema yeye mwenyewe haendi kazini Jumanne. Haya yaamueni mkiwa nyumbani, mmekaa. Ukiwa Namanga na mgonjwa pembeni na nauli umeshalipa, utajishawishi kuendelea hata kama hupaswi.

Unajua kilichotokea njiani? Kulikuwa na kijana kwenye kosta yetu aliyevuka mpaka kwa njia ya panya, hakugonga muhuri. Ulikuwa wakati wa ile operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu walikuwa wamekamatwa na wengine wakawekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa uraia. Kwenye kizuizi cha pili askari wakaomba hati za kila mtu, yule kijana akashushwa na begi lake, na sisi tukaondoka. Alikuwa anakwenda kwa dada yake aliyejifungua. Nimemfikiria mara nyingi. Tulikuwa tumebeba hofu ya mabomu tangu Arusha, kumbe karatasi ndiyo iliyomtenga mtu na safari yake. Hali ikichafuka, hati zinaangaliwa kuliko siku nyingine zote. Pasi ya mama, yako, muhuri wa kutoka na wa kuingia (siku hizi Namanga ni jengo moja, hamna kisingizio), kadi ya homa ya manjano, barua ya hospitali. Viwe mkononi, siyo kwenye buti.

Hospitalini tulipekuliwa getini, gari la binamu likapitishiwa kioo chini, chupa ya chai ya mama ikafunguliwa ikanuswa. Mama alikasirika kidogo. Mimi nilifurahi. Jumatano tukarudi. Matibabu yalianza mwezi uliofuata na mama yupo, anasali jumuiya kila wiki.

Lakini sitakwambia kwamba tulikuwa sahihi kwa sababu tulirudi salama. Waliopanda yale mabasi ya Thika Road nao walikuwa watu wazima wenye akili zao, wanarudi nyumbani. Tuliamua vizuri kwa tulichokijua Jumatatu ile, basi. Na kuna safari niliyoiacha ambayo mpaka leo inaniuma: Oktoba 2013 mdogo wangu wa ukoo aliolewa Lang'ata, na mimi nilikuwa nimekaa siku nne nzima naangalia Westgate ikiungua kwenye televisheni, nikasema siendi. Sikumpigia mtu, sikuuliza mtaa. Alikuwa amenitaka nimsimamie.

Sasa kuna kitu kwenye swali lako naona umekichanganya, na wengi tunakichanganya. Umetaja ugaidi na maandamano kwa pumzi moja. Havipangiwi kwa namna moja. Bomu halina tangazo. Huwezi kulikwepa kwa kalenda, unaweza tu kupunguza saa utakazokaa kwenye msongamano. Maandamano yana tarehe, yana saa, na yana barabara zinazojulikana. Juni 25, 2024, siku vijana walipoingia bungeni, ilijulikana mapema kwamba ni siku ya kupiga kura muswada wa fedha. Juni 25, 2025 ilikuwa kumbukumbu yake. Julai 7 ni Saba Saba kila mwaka, na Kenya hiyo ni siku ya maandamano. Siku kama hizo huendi, unasogeza mbele siku moja au mbili, wala hilo halihitaji kikao.

Julai 2025 nilitakiwa kwenda kuchukua mzigo Jumatatu, ikawa ndiyo tarehe 7 yenyewe. Nikasogeza mpaka Jumatano. Mwenzangu wa duka la jirani akasema yeye atapita usiku, afike kabla hawajaamka. Polisi walikuwa wamefunga barabara kuu za kuingia mjini tangu alfajiri, basi likakwama, akashushwa mbali na mjini akatembea na miguu yake, ana sukari. Alifika, ila hakununua kitu maana maduka yalifungwa.

Na kwa anayetoka Arusha hatari ya siku hizo haiko bungeni. Iko Kitengela. Barabara yetu inapita Kajiado, Isinya, Kitengela, Athi River, Mlolongo, na Kitengela vijana wakitoka wanatoka kweli kweli, matairi barabarani na mabomu ya machozi, na wewe uko katikati na mgonjwa ndani ya gari lililofungwa vioo. Televisheni itakuonyesha Kenyatta Avenue saa zote, wewe uliza Kitengela. Kuna njia ya kukata kushoto Isinya kwenda Kiserian, ukatokea upande wa Ongata Rongai, dereva mzoefu anaijua. Lakini Rongai nayo huwa inawaka, kwa hiyo isiwe ndiyo tegemeo lako. Tegemeo ni kuwa umeshafika siku moja kabla, umelala karibu na hospitali, na siku ya tarehe yenyewe huendeshi popote.

Mama naye mwulize, mkiwa wawili, kaka zako wasiwepo. Wangu aliniambia kitu wakati nampangia begi: anaogopa zaidi kukaa na ule uvimbe nyumbani akiusikiliza kila usiku kuliko anavyoiogopa Nairobi. Kwenye kikao hakusema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hujaandika tarehe ya mama ni siku gani na saa ngapi, wala hospitali iko upande gani wa mji. Niandikie hayo mawili. Binamu bado yuko South B, nitampigia jioni hii nimuulize ameacha kupita wapi.