Mgongo wa Mpika Mahamri

SWALI: Assalamu alaikum, Daktari. Mimi ni mama wa miaka 43, mkazi wa Kisauni, na riziki yangu ni mahamri na mbaazi za nazi ninazouza asubuhi. Huu ni mwezi wa tatu kiuno kinaniuma, hasa ninapoinuka kutoka kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Jirani ananiambia ni figo, mume wangu ananisihi nilale tu, nami nimenunua mkanda wa kiuno na vidonge vya diklofenaki. Je, niache kazi?

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Kazi usiiache. Hofu ya figo nayo ipunguze, kwa sababu maumivu ya figo kwa kawaida hukaa ubavuni chini ya mbavu, hayabadiliki sana ukikaa au ukisimama, na mara nyingi huandamana na homa au mabadiliko ya mkojo. Yako yanakuja ukiinuka kutoka kwenye mbuzi, jambo linaloelekeza kwenye misuli na viungo vya mgongo vilivyochoshwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wa maumivu ya kiuno hawapatikani na ugonjwa mahususi ulio chanzo chake.

Mbuzi hiyo naijua, nimelelewa nayo. Mkunaji hukaa chini, magoti yamepanda, kichwa kinafuata meno ya chuma, na kila kifuu kinapozungushwa kiuno ndicho kinachosukuma. Pingili 5 za kiuno hubeba uzito wa kiwiliwili chote, na mtu akiinama muda mrefu, misuli inayozishikilia haipati nafasi ya kulegea. Ukikuna nazi nne mfululizo, kisha ukainamia beseni la unga lililo sakafuni, kisha ukakalia kigoda mbele ya karai, mgongo umekunjwa namna ile ile tangu saa 10 alfajiri hadi kupambazuke. Kwa hiyo kila baada ya nazi moja au mbili, simama, jinyooshe, tembea hadi mlangoni, ndipo urudi. Unga ukande juu ya meza inayofika kiunoni, na ikiwa nyumbani yupo kijana mwenye nguvu, nazi zilizosalia akune yeye.

Maji hukuyataja, lakini wengi wetu Mombasa tunayanunua kwa mitungi ya lita 20, na mtungi uliojaa ni kilo 20 na zaidi. Ukiweza, yagawe katika ndoo mbili. Ukilazimika kuuinua mtungi, kunja magoti, ushike karibu na tumbo, na ugeuke kwa miguu badala ya kupinda kiuno.

Mumeo anakuonea huruma, ila kulala siku nyingi hudhoofisha misuli ile ile tunayoitegemea. Maumivu yakizidi, pumzika siku moja au mbili, kisha uanze kutembea hata kama bado yapo kidogo. Ukienda sokoni Kongowea kununua nazi, nenda kwa miguu, urudi na mzigo kwa tuktuk.

Mkanda uweke kando. Mwongozo uliotolewa na Shirika hilo mwaka 2023 haupendekezi mikanda kwa maumivu sugu ya kiuno, bali unasisitiza mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Vidonge ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa diklofenaki ikimezwa kwa miezi huweza kuchubua tumbo na kudhuru figo, hasa kwa mwenye presha. Tafadhali usiendelee navyo bila kupimwa.

Kwa kuwa umefikisha miezi mitatu, nenda ukachunguzwe, na umweleze mhudumu ikiwa una homa, jasho jingi usiku, unakonda, au maumivu yanakuamsha usingizini. Kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo hata kwa mtu asiyekohoa. Kinatibika, na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za umma. Lakini mguu ukilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au ukishindwa kuzuia mkojo ama kuutoa, usingoje kuche: mwamshe mumeo akupeleke hospitali usiku huo huo.