Atomu zilezile, vitu tofauti: majibu ya maswali yenu ya kemia

Mwalimu, nikipewa fomula C2H6O, si nimeshajua ni kitu gani? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga)

Bado, mwanangu. Hapo umehesabiwa atomu tu: kaboni 2, hidrojeni 6, oksijeni 1. Oksijeni ikikaa kati ya kaboni na hidrojeni, hiyo ni ethanoli, kileo cha kwenye bia na gongo. Ikikaa kati ya kaboni mbili, ni dimethili etha, gesi inayosukuma dawa kwenye baadhi ya makopo ya kupulizia. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, etha hiyo kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri; kwa joto la Tanga hutaiona ikiwa kimiminika ila ndani ya kopo lenye mgandamizo. Kinacholeta tofauti ni ile hidrojeni iliyoshikana na oksijeni. Huvutwa pia na oksijeni ya molekuli jirani, na molekuli zinazovutana hivyo haziachani mpaka zipate moto wa kutosha. Kwenye etha hidrojeni zote zimeshikwa na kaboni, mvuto huo haupo. Ndiyo maana wasahihishaji hudai mchoro wa muundo.

Urea ya kiwandani na ya mkojo wa ng'ombe ni moja? (Mkulima, Mbeya)

Urea yenyewe ni moja, ingawa mkojo una mengi zaidi ya urea. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler aliipata maabara kutokana na amoniamu sayaneti, chumvi yenye atomu zilezile kwa idadi ileile. Zilijipanga upya tu, bila figo ya mnyama yeyote.

Na karafuu zetu? (Msomaji, Pemba)

Mafuta yake kwa sehemu kubwa ni yujenoli. Kwenye kungumanga kuna isoyujenoli kidogo: atomu hizohizo, ila kifungo kimoja cha mara mbili kinachounganisha kaboni mbili kimesogea hatua moja, na harufu inabadilika.

Methanoli imepungukiwa kaboni moja tu ikilinganishwa na ethanoli. Mbona inapofusha? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu mwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki, inayoharibu neva za macho, ilhali ethanoli huishia kuwa asidi ya siki. Ulimi hauwezi kuzitofautisha. Hospitalini daktari anaweza kumpa mgonjwa ethanoli, maana kimeng'enya kinachozivunja zote mbili huishika hiyo kwanza, methanoli ikatoka taratibu bila kugeuzwa. Msijaribu nyumbani, mpelekeni mgonjwa hospitali upesi.